Nani anaulinda mti mchanga baada ya siku ya kupanda miti?

Kila tarehe 1 Aprili Tanzania huadhimisha Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, na kila halmashauri nchini imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Majirani zetu Kenya, tangu Desemba 2022, wana mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko nchi nzima ili watu wakapande. Hesabu hizi ni kubwa na redio tunazitangaza kwa sababu ni habari. Mgeni rasmi amepanda, wanafunzi wamepanda, mkuu wa wilaya amehimiza.

Habari ambayo redio hatuna mazoea ya kuitangaza ni ya mwezi wa Agosti. Wakati huo mashamba yameshavunwa, mbuzi na ng'ombe wameachiwa mabua, upepo umekausha kila kitu, na ule mche uliopandwa mbele ya kamera unahitaji mtu wa kuusogelea na ndoo ya maji au mzigo wa miiba ya kuuzungushia. Mtu huyo asipokuwepo, mche umekwisha. Katika mikoa ya kati kama Dodoma na Singida, na huku kwetu Shinyanga, kiangazi huanza Mei na mvua za kutegemewa hurudi Novemba au Desemba. Mche uliopandwa mwanzoni mwa Aprili una wiki chache tu za unyevu kabla ya kukutana na miezi sita mikavu. Ndiyo maana kuna mikoa inayojipangia siku yake ya kupanda kufuatana na mvua zake. Anayepanda bila kuangalia mvua anapanda ili kutimiza tarehe.

Makala haya yanahusu watu wanaobaki baada ya msafara kuondoka. Ni wale wanaojitolea kulinda miti michanga ya asili bila malipo: mama aliyeacha chipukizi la mkwaju katikati ya mahindi yake, wanafunzi wanaopokezana kumwagilia miche ya shule wakati wa likizo, mzee anayezungukia eneo lililofungwa kuangalia kama mifugo imeingia. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba ulinzi wa hiari hudumu pale anayelinda anapojua kuwa mti ukikomaa atakuwa na haki juu yake. Pale ambapo jambo hilo halijasemwa wazi, hamasa huisha msimu wa pili.

Mti unaoonekana umekufa

Tuanze na mti wenyewe, kwa sababu miche mingi ya asili inauawa na watu wenye nia njema kabisa.

Chukua mninga. Mbegu yake huota mvua zikinyesha, hutoa kijiti chenye majani machache, kisha kiangazi kile kijiti hukauka mpaka usawa wa ardhi. Mpita njia atasema umekufa. Mvua zikirudi unachipua tena, kiangazi kinaukausha tena. Mninga unaweza kuishi hivyo kwa miaka mingi, wakati mwingine zaidi ya kumi, kabla shina halijasimama moja kwa moja. Muda wote huo unajenga mzizi. Siku mzizi utakapokuwa na akiba ya kutosha, shina hupanda kwa haraka na kuvuka kimo cha moto wa nyasi na cha mdomo wa mbuzi. Miti mingine kadhaa ya misitu ya miombo ina tabia ya namna hii. Kwa hiyo mtu anayesafisha shamba na kung'oa kila kijiti kikavu anaweza kuwa anang'oa mninga wa miaka saba bila kujua.

Tabia ya kutanguliza mzizi si ya miti ya Afrika peke yake. Wengi mnaujua mwaloni kwa jina kwa sababu ya Biblia, kwenye habari za Ibrahimu na mialoni ya Mamre. (Ukifika Mwanza ukasikia watu wanakwenda Mwaloni, hao wanakwenda soko la samaki Kirumba, ni habari nyingine.) Katika jimbo la California nchini Marekani, ambako nako kiangazi ni kirefu na kikavu, kuna maeneo ambayo mialoni ya asili ina tatizo ambalo mkulima wa Bahi angelitambua mara moja: miti mikubwa ipo, mbegu zinaanguka, lakini miche haivuki utoto. Mbegu ya mwaloni ikiota hupeleka mzizi chini kabla ya kutoa jani la kwanza. Ila huku juu kuna ng'ombe, kuna wanyamapori walao majani, kuna panya wa porini, na kuna nyasi za kigeni zilizofika na walowezi wa Ulaya ambazo hunyonya unyevu mapema kuliko mche. Basi watu wa kule hujitolea siku za mapumziko kupanda mbegu, kuzungushia kila mche wavu au bomba la plastiki, kung'oa nyasi pembeni yake, na kurudi kiangazi wakiwa na maji.

Kazi yenyewe inafanana na ya huku. Kinachotofautiana ni hali ya mfanyakazi. Mara nyingi aliyejitolea kule hurudi nyumbani jioni, hapikii kuni za mti ule, na ng'ombe anayeweza kuula si wa shemeji yake. Kijijini kwetu mlinzi, mpishi na mfugaji wanaishi kwenye kitongoji kimoja, wakati mwingine ni mtu huyo huyo mmoja. Ndiyo maana huku mti hauwezi kulindwa kwa wavu tu. Unalindwa kwa makubaliano.

Kulinda bila kupanda

Mkoani Dodoma shirika la LEAD Foundation, likishirikiana na shirika la Justdiggit la Uholanzi, limekuwa likifundisha wakulima njia inayoitwa Kisiki Hai. Jina linajieleza. Mashamba mengi yanayoonekana hayana mti hata mmoja yana visiki vilivyo hai chini ya udongo, vya miti iliyokatwa miaka ya nyuma. Kila mwaka vinachipua, na kila mwaka jembe au mbuzi anavirudisha chini.

Unachofanya ni kuchagua kisiki unachokitaka, kisha ukaangalia machipukizi yake. Unabakiza kati ya mawili na matano, yaliyonyooka na yenye afya, mengine unayakata kwa kisu kikali. Yale uliyobakiza unayapunguzia matawi ya chini, karibu nusu ya urefu, ili nguvu iende juu. Halafu unafunga kitambaa cha rangi, ili anayelima, anayechunga na anayetafuta kuni wajue kwamba kisiki hicho kina mwenyewe. Unarudi mara kwa mara kupogoa vichipukizi vipya. Matawi uliyokata ni kuni, majani yanaliwa na mbuzi. Hakuna kitalu, hakuna viriba, hakuna gari la maji, kwa sababu mzizi wa zamani tayari uko chini kwenye unyevu ambao mche wa kitaluni utaufikia baada ya miaka, kama utaufikia.

Gharama ndogo ndiyo nguvu ya njia hii, na ndiyo pia inayoifanya isionekane. Kisiki hakikatiwi utepe. Viriba 5,000 vikitoka kitaluni vinaandikwa kwenye ripoti siku hiyo hiyo, lakini chipukizi lililoachwa shambani halina karani wa kulihesabu, wala sijawahi kuona mgeni rasmi akiinama kupogoa kisiki. Tanzania imeahidi, chini ya mpango wa nchi za Afrika unaoitwa AFR100, kurejesha hekta milioni 5.2 za ardhi iliyoharibika ifikapo mwaka 2030. Eneo hilo haliwezi kujazwa kwa viriba. Kama lengo litafikiwa, kwa maoni yangu sehemu kubwa itakuwa ni ardhi iliyoachwa ipumzike na watu waliokubaliana kuilinda.

Sisemi miti ya kigeni ni adui. Mwarobaini asili yake ni Asia na shule nyingi zinapata kivuli chake. Anayetaka nguzo za kuuza ana sababu zake za kupanda mikaratusi, ilimradi asiiweke kwenye chanzo cha maji. Na lipo shamba lililolimwa kwa trekta miaka mingi hadi visiki vimekwisha kabisa. Hapo lazima upande. Lakini mgunga, mkwaju, mkole na mninga imeishi na nyuki, ndege na mifugo wa eneo hili kwa karne nyingi. Kuna aina ya mgunga inayopukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa kiangazi: mahindi yanapata jua na mbolea, na mifugo inapata kivuli na maganda ya kula wakati ambapo hakuna kitu kingine. Mti wa namna hiyo huwezi kuubuni kitaluni.

Shinyanga iliyoitwa jangwa

Wasikilizaji vijana hushangaa wakisikia kwamba katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huu jangwa la Tanzania. Haikuwa hivyo kwa bahati mbaya. Serikali ya kikoloni ilifyeka mapori kuanzia miaka ya 1920 ili kuondoa mbung'o. Baadaye pamba ikataka mashamba, na mifugo ikaongezeka. Kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya zamani, na ngitili zao zikabaki nyuma bila mwenyewe.

Kwa wasiojua, ngitili ni desturi ya Wasukuma ya kutunza malisho. Kipande cha ardhi kinafungwa mvua zinapoanza, hakuna mifugo kuingia hadi Julai au Agosti, wakati nyasi za kwingine zimekwisha. Hapo kinafunguliwa kidogo kidogo, wakitangulizwa ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia. Kwa kuwa eneo limefungwa, nyasi hazikui peke yake. Miti nayo inapata nafasi ya kuchipua bila mtu kupanda hata mmoja.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, kwa msaada wa Norway. Watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF walijiunga baadaye. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu, na miche mingi ilikuwa ya kigeni. Wananchi hawakuvutiwa sana. Mradi ulipogeukia ngitili, jambo ambalo watu walilijua tangu kwa babu zao, hali ilibadilika. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa na ukubwa wa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, zikiwemo za familia, za vijiji na za shule. Watafiti waliokwenda kuhesabu walikuta aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina zipatazo 145 za ndege. Tukumbuke kwamba Shinyanga ya wakati huo ilijumuisha pia Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo leo ziko mkoa wa Simiyu. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta inayotolewa chini ya Umoja wa Mataifa.

Nani alilinda? Askari wa misitu hawakuwa wa kutosha, na hata leo hawatoshi. Waliolinda ni watu wenyewe, kupitia vyombo vyao. Dagashida, yaani mkutano wa jamii, ulipanga masharti na adhabu. Sungusungu walihakikisha yanafuatwa. Aliyeingiza ng'ombe kwenye ngitili ya mwenzake alilipa, na alilipa mbele ya watu anaokutana nao kisimani na msibani. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea wanapozungumzia kujitolea kana kwamba ni moyo mzuri tu. Kujitolea kwa Shinyanga kulikuwa na meno.

Na si kila kitu kilikuwa kizuri. Fisi walirudi, na wanyama wanaokula mazao pia. Wenye ardhi kubwa walifaidika zaidi kuliko wasio na ardhi, maana asiye na ngitili yake alibaki kutegemea ya kijiji au kuomba kwa jirani. Wapo pia waliosita kufunga maeneo yao kwa kuogopa kwamba yakishapendeza serikali itayachukua. Hofu hiyo ya mwisho isidharauliwe. Inaweza kuua mti mchanga kama mbuzi anavyouua.

Mti ukikua ni wa nani?

Ushahidi mzuri uko Niger, nchi ya Sahel iliyo kame kuliko mkoa wetu wowote. Mwaka 1983 mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, alianza kuwahimiza wakulima wa eneo la Maradi kutunza machipukizi ya visiki mashambani mwao, njia ile ile ambayo Dodoma imepewa jina la Kisiki Hai. Kikwazo hakikuwa ujuzi. Kwa sheria zilizorithiwa tangu ukoloni, miti ilikuwa mali ya serikali. Mkulima aliyekata tawi la mti uliosimama shambani kwake angeweza kutozwa faini. Sasa kwa nini autunze? Afadhali aung'oe ungali mdogo, kabla haujawa mti wa mtu mwingine.

Maofisa walipolegeza utekelezaji wa sheria hizo na wakulima wakaanza kuiona miti kuwa yao, utunzaji ulienea kijiji hadi kijiji, sehemu kubwa bila mradi wala mfadhili. Zaidi ya hekta milioni 5 zilirudi kuwa na miti. Mwaka 2018 Rinaudo alipewa tuzo ya Right Livelihood, lakini walioamka asubuhi na visu vyao ni wakulima ambao majina yao hatutayajua.

Kwetu sheria ina milango iliyo wazi, ila wengi hatuijui. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia chenyewe. Kuhusu masharti, halmashauri ya kijiji inaandaa sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, na halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Ikipita hatua hizo, kijiji kinaweza kumtoza faini anayeingiza mifugo au kuwasha moto, na faini hiyo ikasimama. Isipopita, ni maneno ya mkutanoni tu, na mtu wa kwanza mwenye uwezo wa kwenda mahakamani atayaangusha.

Vibali navyo vina kazi yake hapa. Kuvuna miti kwa biashara na kusafirisha mazao ya misitu kunahitaji kibali na hati ya kusafirishia. Utaratibu huo uliwekwa kuwadhibiti wavunaji haramu, na bila shaka unahitajika. Lakini mkulima aliyetunza mninga shambani kwake miaka 20, akihisi kwamba siku ya kuupasua mbao atashughulikiwa kama mwizi wa msituni, atapiga hesabu ile ile ya mkulima wa Maradi. Ofisa misitu anapokuja kuhamasisha watu kutunza miti ya asili, ningependa aanze na hilo: kipi mwenye shamba anaruhusiwa kufanya bila kibali, kipi kinahitaji kibali, kinapatikana ofisi gani na kwa gharama gani. Hotuba ya faida za mvua ije baadaye.

Kujitolea au kutolewa

Kuna tofauti kati ya kujitolea na kutolewa. Mwenyekiti anapotangaza kwamba kila kaya ilete mtu mmoja na jembe, na asiyefika atozwe, hiyo ni kazi ya lazima hata kama kwenye ripoti imeandikwa kujitolea. Kazi ya lazima inaweza kupanda miche mingi asubuhi moja. Haiwezi kuilinda, kwa sababu huwezi kumlazimisha mtu ajali.

Angalia pia mzigo unamwangukia nani. Miche ya shule ikihitaji maji, mara nyingi ni wasichana wanaotumwa na ndoo. Miche ya kaya ikihitaji maji, ni mama, ambaye tayari ana safari ya kisimani na ya kuni. Kama kisima kiko mbali, kila lita inayokwenda kwenye mche imetoka kichwani kwa mtu. Hii ni sababu nyingine ya kupenda machipukizi ya visiki kiangazi: hayaombi maji. Na kwa upande wa faida, mwanamke aliyelinda mti kwenye shamba ambalo hati au jina ni la mume au la shemeji ana uhakika gani kwamba kuni na matunda yatakuwa yake akibaki peke yake? Nimeona mikutano inayojadili aina ya mti kwa saa mbili bila kugusa swali hili hata kwa dakika tano.

Wafugaji nao. Mara nyingi huitwa mwishoni, kuja kusikia adhabu. Ngitili ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa desturi ya wafugaji wenyewe, na iliwapa kitu wanachokitaka, yaani nyasi za Agosti. Eneo likifungwa moja kwa moja bila tarehe ya kufunguliwa, anayechunga haoni tofauti kati ya hifadhi na kunyang'anywa, na usiku mifugo itaingia.

Wala tusimlaumu mbuzi kwa kila kitu. Moto kichaa wa Septemba unaua machipukizi ya eneo zima kwa alasiri moja, na mara nyingi umewashwa na mtu anayesafisha shamba au anayerina asali. Mkaa unauzika mjini kila siku. Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi mwishoni mwa kipindi hicho. Mpaka gesi au umeme wa kupikia ufike kwa bei ambayo mama wa mjini anaimudu, gunia la mkaa litaendelea kumshawishi kijana asiye na kazi kuukata mti ambao jirani yake ameulinda miaka minne. Ukimwambia asikate, awe na jibu la kula nini.

Fedha za kaboni zimebadilisha mazungumzo

Tangu mwaka 2022 Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni. Kwa lugha nyepesi, kampuni au nchi inayochafua hewa inalipia misitu inayotunzwa kwingine. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vimekuwa vikipokea fedha kwa kutunza misitu yao, na zimeingia kwenye huduma kama zahanati na shule. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wilayani Mbulu waliingia kwenye mpango kama huo mapema zaidi.

Habari hizi zinavutia, na mawakala wameanza kuzunguka vijijini. Hapa ndipo ulinzi wa kujitolea unakuwa suala la fedha. Kama wewe na wenzako mmelinda machipukizi bure miaka kumi, kisha ukaja mkataba wa miaka 20 au 30, ni nani anausaini? Malipo yanaingia akaunti ya nani, na mlinzi ambaye hana kipande cha ardhi anapata nini? Je, mkataba unamzuia mwenye shamba kukata tawi la kuni? Katavi na Yaeda kilichouzwa ni utunzaji wa misitu ya vijiji iliyokuwa na mipaka na mpango wa matumizi ya ardhi uliokubaliwa. Kijiji kisicho na mipaka iliyopimwa wala mpango huo kikisaini haraka, kinasaini kitu ambacho hakijui ukubwa wake.

Kabla ya mvua

Kwa anayetaka kuanza, wakati mzuri wa kuchagua na kupogoa machipukizi ni kiangazi, kabla ya kusafisha shamba kwa ajili ya msimu. Majani mengi ya pembeni yamekauka na kisiki kinaonekana. Pita shambani na watoto, fungeni vitambaa, na mwambieni anayewasaidia kulima kabla hajashika jembe. Mahali ambapo vijiti vya mninga vimekauka, weka alama ya kijiti kingine au jiwe, maana mvua zikianza utasahau vilikuwa wapi. Piga picha kwa simu yako ukisimama sehemu ile ile kila mwaka. Siku ikizuka hoja ya nani alitunza mti huo, picha yenye tarehe ina uzito kuliko kumbukumbu ya mtu.

Kwa upande wa kijiji, mkutano mkuu unatakiwa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu, na kila mwanakijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria na kuuliza. Muulizeni mtendaji kama kijiji kina sheria ndogo ya miti, malisho na moto, na kama imeshaidhinishwa wilayani au bado iko kwenye jalada. Kama ipo, isomwe kwa sauti mbele ya wafugaji na wakulima pamoja, kifungu kwa kifungu, hasa kile kinachosema kuni na mbao za eneo lililolindwa zinagawanywa vipi. Kama kifungu hicho hakimo, basi hapo ndipo pa kuanzia, kabla mtu yeyote hajaombwa kujitolea tena.